Safari ya kupima macho Jumamosi: muda umebadilika

Habari za jioni wanakikundi. Safari ya Dodoma mjini iko palepale, ila tunaondoka Kibaigwa stendi saa 12:00 asubuhi, siyo saa 2. Foleni ya macho hujaa mapema.

1. Nauli ya kukodi gari ni 10,000 kwenda na kurudi. Mwisho Alhamisi jioni, kwa mhazini.
2. Njoo na kadi ya bima na dawa zote unazotumia, hasa wenye sukari na presha.
3. Ukiwekewa matone ya kupanua mboni utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo waendesha bodaboda, pikipiki ibaki nyumbani.

Nani asikose? Bibi anayeng'oa kope kwa kibanio kila wiki: hivyo ni vikope, kope zinakwaruza kioo cha jicho, na kuna upasuaji mdogo wa kuzirekebisha. Anayeona ukungu huenda ana mtoto wa jicho, nao unatibika. Presha ya macho ndiyo inayonitisha, mara nyingi haiumi, na uoni ukishapotea haurudi. Mwenye ndugu aliyeugua apime hata kama anaona vizuri.

Jicho jekundu lenye maumivu makali, uoni uliopotea ghafla, au mtoto mwenye mboni nyeupe: hao wasisubiri Jumamosi, waende leo. Na jamani, maziwa ya mama tusiweke machoni.

Andika jina lako hapa chini na idadi ya mnaokuja kabla ya kesho saa 2 usiku, nijue tukodi Noah au Coaster.