Kwa kaka yangu aliye Muscat, kuhusu lile neno "salama"

Kaka yangu, assalaam alaykum.

Ujumbe wangu wa Idi uliusoma. Alama mbili za buluu nimeziona, na hukujibu. Basi naandika hapa. Wifi husoma ninayoyaandika, atakufikishia.

Nataka turudi siku ya hitma. Ulifika siku ya tatu, Mama keshazikwa, na najua hilo peke yake linatosha kumvunja mtu. Nilikuwa uani nanawisha wageni, birika mkono huu, beseni mkono huu. Ukasimama mlangoni, begi bado liko begani, ukasema kwa sauti waliyoisikia hata wanaume waliokaa nje chini ya turubai: "Mmemuua kwa salama salama zenu." Mama mdogo alikuwa amenyoosha mikono anawe. Akairudisha ndani ya mtandio, mikavu vilevile. Mimi nikaendelea kumimina maji, beseni likajaa, yakanimwagikia miguuni. Sikukujibu. Nakujibu leo.

Kwetu mtu akiulizwa habari, husema nzuri. Awe na mgonjwa ndani, awe jana ametoka kuzika, atasema nzuri, halafu atasema "ila". Nzuri, ila mtoto hakulala. Salama, ila mvua imetuharibia. Wewe umekulia Barabara ya Kumi na Mbili kama mimi, hili hukulisoma kitabuni. Wazee wetu hawakuwa waongo. Walianza na jema kwa sababu jema halikosekani, hata likiwa ni pumzi tu, na mtu aliyekwisha kulishika jema hulitaja baya bila kuzama nalo. Mama alitulea hivyo. Vitumbua vikibaki, hakukaa kuhesabu hasara mbele yetu. Alisema, "Leo na sisi ni wateja," akatuandalia mkekani kama wageni. Ulikuwa unagombania kile cha pembeni chenye ukoko. Sasa leo ndiyo unauita udanganyifu?

Wewe hukumwona Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Nilimwona mimi. Mionzi mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano tunatoka Magomeni alfajiri kugombania daladala ya Posta. Alikuwa anabeba kofia anayoshona, vitobo vidogo vidogo, na pale benchini ndiko ilikokuwa kazi yake. Kulikuwa na mama mmoja wa Singida, analia tangu anakaa mpaka anaitwa. Siku ya nne Mama akamtilia sindano mkononi: "Shika hapa, mwanangu, uzi usilegee." Wiki ya tatu yule mama anamaliza mstari mzima bila kuangaliwa. Kila akitoka chumba cha mionzi Mama anatangaza: leo ya 11, zimebaki 14. Tumbo limechafuka, hashiki chakula, anafyonza chungwa la Muheza nililomlia kiapo kwamba ni la Muheza kweli, na bado anatuhesabia. Kwa hesabu ile hakukosa hata siku moja. Nimeona waliokata tamaa njiani wakarudi kwao wakiwa na mionzi sita, saba. Hiyo ndiyo faida ninayoizungumza, kaka. Moyo mkunjufu ndio uliomwamsha saa kumi na moja.

Baada ya ulivyonisema nilikwenda kusoma, kwa sababu nilitaka kujua kama ni kweli. Nikakuta utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2001, wa masista wa Kikatoliki 180 walioandika habari za maisha yao wakiwa wasichana. Walioandika kwa furaha zaidi ndio walioishi miaka mingi zaidi. Nilifurahi, nikataka kukutumia usiku uleule. Kisha nikakuta mwingine, wa mwaka 2007, wa wagonjwa zaidi ya 1,000 wenye saratani ya kichwa na shingo. Hali njema ya moyo haikuwaongezea siku za kuishi. Nimekaa nao wote wawili. Ucheshi haukaushi uvimbe, hapo uko sahihi na nakupa haki yako. Lakini wewe hukusema haukumponya. Ulisema tumemuua. Hayo ni maneno mawili tofauti, na mimi nimelala na hilo la pili miezi minane.

Mama anisamehe kwa hili ninaloliweka hadharani. Ulikuwa ugonjwa wa shingo ya kizazi, saratani inayowashika wanawake wengi kuliko zote hapa Tanzania, na wengi hufika hospitali umeshakwenda mbali. Yeye alifika hatua ya tatu. Alikuwa akiona damu tangu mwaka uliotangulia, akasema ni uzee. Hakunificha mimi kwa sababu ya ucheshi. Alificha kwa haya. Na wewe alikuonea haya mara mbili, mtoto wa kiume, na uko mbali. Kila ulipopiga simu alinikazia macho kabla sijapokea: "Mwambie mwanangu mimi mzima."

Nikakwambia, "Mama mzima." Nikaishia hapo.

Ningefanyaje? Niambie. Yeye ndiye mama, yeye ndiye mgonjwa, siri ni yake. Ungekuja ukilia ungemtoa kwenye hesabu yake. Ungeacha kazi, na ada za watoto zilitoka kwako, na nauli zetu za Dar, hata hilo chungwa. Nimejipa sababu hizi zote na kila moja ni ya kweli. Hata hivyo, ulipouliza habari nilikupa nzuri bila ila, na Mama hakutufundisha hivyo. Ulistahili kuisikia nusu ya pili ya jibu. Hilo ni langu, siyo la Mama wala la ucheshi wake. Nisamehe kwalo.

Na wewe una lako. Kofia ile ya benchini ilikuwa ya kichwa chako, aliimaliza siku ya 23, na nilipokupa ulikwenda zako ukaiacha juu ya friji.

Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa shingo ya kizazi. Muuguzi anapaka siki, anasubiri kama dakika moja, anaangalia kama pana weupe. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Nilikuwa naogopa mpaka magoti yanagongana, nikajiambia kama Mama: nimeshafika, kilichobaki ni kidogo. Majibu ni mazuri, alhamdulillahi. Mpwao amechanjwa shuleni kujikinga na ugonjwa huu, dozi moja tu siku hizi, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mwambie wifi naye akapime. Hapo nakuamuru, ingawa wewe ndiye mkubwa.

Hujauliza, lakini habari za nyumbani ni nzuri. Mwembe umezaa. Mama mdogo anatembea bila fimbo. Ila bati la jikoni linavuja pale pale ulipopapiga lami. Ila wapangaji wa chumba cha mbele wanataka kuhama. Ila kila Ijumaa baada ya kutoka makaburini naishika simu, nalifungua jina lako, kisha naiweka chini.