Bonanza la ufukweni: uliza mwezi ngapi kabla hujauliza bei

Wengi wanaotupigia simu tuwaandalie bonanza la michezo kwenye fukwe za Unguja huanza na maswali mawili: bei gani, na je, twende Paje au Nungwi? Tarehe wanayo tayari, mara nyingi Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa sababu mshahara umeshaingia. Sisi huwarudishia swali moja: siku hiyo itakuwa mwezi ngapi? Hatuulizi mwezi wa kalenda ya ukutani. Tunauliza mwezi wa juu, huu unaoandama, kwa sababu ndio unaoamua kama saa 9 alasiri mtakuwa na kiwanja au mtakuwa na magoli mawili yaliyosimama majini.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Hilo kila aliyekulia pwani analijua. Linalosahaulika wakati wa kupanga shughuli ni kwamba saa hizo zimefungamana na mwezi. Mwezi unapoandama, na unapofika 14 na 15, bahari huwa ya bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4 hapa Unguja, maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na hujaa kabisa kati ya saa 10 na saa 11 jioni. Mwezi 8 na 9, na tena mwezi 22 na 23, ni maji mafu. Tofauti hushuka hadi kama mita 1 na ushei, na saa hugeuka: kujaa asubuhi, kupwa alasiri.

Kwa hiyo bonanza ni la namna mbili, na kila moja lina siku zake.

La kwanza ni la bamvua. Asubuhi bahari inakuachia uwanja mpana wa mchanga mbichi, mgumu, ambao mguu hauzami. Hapo unapanga ndondo, mashindano ya mpira ya kienyeji, ya timu nane za watu saba, kuvuta kamba, mbio za magunia, na bado watoto wanabaki na pao pa kuchezea. Mechi ya kwanza ianze saa 2 asubuhi, fainali iishe kabla ya saa 6 na nusu, watu waswali, wale. Ikifika saa 9 maji yamerudi karibu na minazi na wanaotaka kuogelea wanaingia bila kutembea nusu kilomita juu ya mawe. Kwa ofisi zinazoleta wafanyakazi pamoja na familia zao, hii ndiyo ratiba tunayoipendekeza kuliko zote.

La pili ni la maji mafu, na hili ni la wanaotaka mpira wa ufukweni wenyewe, wa kanuni: wachezaji watano kila upande, kipa akiwemo, vipindi vitatu vya dakika 12, miguu mitupu, mchanga mkavu na laini wa kina cha sentimita 40 angalau. Mchanga wa namna hiyo upo juu tu, karibu na miti, na siku za bamvua jioni maji huufikia. Siku za maji mafu hayaufikii. Unaweza kuanza saa 3 asubuhi ukamaliza na fainali saa 11 jioni kwenye kiwanja kile kile bila kuhamisha goli hata moja.

Siku tunazowashauri watu waziache ni mwezi 3 hadi 5 na mwezi 17 hadi 19. Bamvua inakuwa bado ina nguvu, ila saa za kupwa zimesogea hadi adhuhuri na baada yake. Uwanja mgumu unaupata, lakini unaupata jua likiwa utosini.

Sikukuu zenyewe zinasaidia kupanga. Idd el-Fitri ni mwezi mosi Shawwal, kwa hiyo kila mwaka inaangukia bamvua, na Idd pili vilevile: michezo asubuhi, kuogelea alasiri. Idd el-Hajj ni mwezi 10, maji mafu yanaisha, na kujaa kunaangukia karibu na adhuhuri. Siku hiyo usihesabu kabisa uwanja wa chini, pangeni juu. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari na Sabasaba hufuata kalenda nyingine, kwa hiyo kila mwaka lazima utazame upya. Na kwa kuwa kuandama kunaweza kupishana siku moja, mwezi unakupa wiki ya kufaa. Saa kamili utaipata kwenye jedwali la maji la bandari ya Zanzibar.

Maji yanarudi kwa kasi gani

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani bahari inapanda polepole kwa mwendo ule ule toka mwanzo hadi mwisho. Haipandi hivyo. Gawanya mpando wote mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda fungu 1, saa ya pili mafungu 2, ya tatu mafungu 3, ya nne mafungu 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ya mita 3.6, basi, inapanda sentimita 30 tu katika saa ya kwanza, watu wakajisahau, kisha sentimita 90 katika saa ya tatu.

Sasa tia ulalo wa ufuo. Tuseme mchanga unashuka mita 1 kwa kila mita 100, yaani karibu tambarare, kama sehemu nyingi za mashariki zilivyo. Sentimita 90 za kwenda juu ni mita 90 za kuja kwako ndani ya saa moja, mita moja na nusu kila dakika. Kiwanja chenye upana wa mita 28 kinamezwa kwa dakika 19. Ndiyo maana mechi ya nusu fainali iliyoanza mchanga ukiwa mkavu huisha wachezaji wakirusha maji. Sheria yetu ni nyepesi: chomeka kijiti mita 40 kutoka mstari wa chini wa kiwanja. Maji yakikigusa, mechi inayoendelea imalizike na inayofuata ichezwe juu.

Pwani ipi

Paje na Jambiani zina uwanja mpana kuliko kwingine kote, kwa sababu mwamba uko mbali na kati yake na ufuo ni mchanga na maji machache. Kwa ndondo ya bamvua asubuhi hapana pa kushindana napo. Ila Paje upepo ukishika, wacheza kaiti, wanaoteleza majini wakivutwa na tiara, huja na kamba zao za mita ishirini na zaidi. Sogeeni kusini au kaskazini ya kituo chao, msibishane nao. Jambiani kuna mashamba ya mwani. Vile vijiti vilivyopangwa safu safu na kamba kati yake ni kazi ya mtu, na wakati wa kupwa kwa bamvua ndio wakati wa kina mama kuingia shambani. Mpira ukienda huko, mmoja aufuate akitembea.

Kendwa ni kinyume chake. Bahari ni ya kina karibu na ufuo, maji hayaendi mbali, mchanga ni laini na unazama. Inafaa kwa mpira wa kanuni na kwa wanaotaka kuogelea saa yoyote, lakini upana ni mdogo: siku ya bamvua jioni kiwanja cha mita 28 hakitoshi. Nungwi mjini tunaisifu kwa mengine. Ufuo wake ni wa kazi, una mitumbwi, ngalawa, nanga na kamba, na mafundi wanaounda majahazi. Si mahali pa kupiga mashuti.

Kiwengwa na Pwani Mchangani ni za wastani kwa kila kitu, na si mbali sana kwa basi la kutoka mjini. Michamvi Kae hatusikii ikitajwa na wateja, na ni kosa: inatazama magharibi kwenye ghuba ya Chwaka, kwa hiyo upepo wa kusi ukivuma imejificha. Bububu ni karibu na mjini, inatosha kwa mechi mbili za jioni baada ya kazi, mradi si bamvua. Wenye gofu yao, kiwanja cha mashimo 9 kipo upande wa Mangapwani, na huko mwezi hauna kazi. Mnaangalia mvua tu.

Jambo dogo la jua. Pwani ya mashariki, minazi iko magharibi yenu, kwa hiyo kuanzia kama saa 10 kivuli kinaanza kuingia kiwanjani. Magharibi ni kinyume, jua linakuwa usoni mpaka linazama. Popote pale laza kiwanja sambamba na bahari, goli moja kusini na jingine kaskazini, kipa asipigwe na jua la macho.

Upepo na mvua

Kusi linashika kuanzia Juni hadi Septemba. Hewa ni ya baridi kidogo, wachezaji hawachoki haraka, lakini mashariki kunavuma na majani ya bahari yanalundikana ufukweni. Leteni reki na nusu saa ya ziada. Kaskazi, Desemba hadi mapema Machi, ni joto kavu, na pwani za kaskazini na kaskazini mashariki ndizo zinazopigwa. Kiwanja kilicholazwa kusini na kaskazini kinapata upepo kwa urefu wake, kwa hiyo timu moja inacheza na upepo mgongoni. Kwa vipindi vitatu hakuna kugawa sawa. Chezeni vipindi viwili vya dakika 15 mbadilishane magoli, malalamiko yatapungua.

Masika, mwisho wa Machi hadi Mei, hatukatai kazi, lakini tunawaambia ukweli: mvua ya asubuhi inaweza kula siku nzima. Vuli ya Novemba haina ukali huo, hunyesha ikapita. Tukiulizwa miezi ya kuchagua macho yamefumba, tunasema Oktoba, na Februari, bahari inapokuwa imetulia.

Vifaa, na vinavyoharibika

Kiwanja cha kanuni ni mita 35 hadi 37 kwa mita 26 hadi 28. Goli ni mita 5.5 kwa mita 2.2. Mistari ni utepe wa buluu wa upana wa sentimita 8 hadi 10, na kwa kiwanja kizima unahitaji kama mita 130. Msitumie chokaa. Inaingia machoni mtu akianguka, na mchanga ukiwa na unyevu inachoma ngozi. Utepe unafungwa kwenye vipande vya mbao vilivyofukiwa, kamwe si misumari wala vyuma vya hema. Mguu mtupu utakipata chuma hata mkikificha vipi.

Goli ndilo kifaa cha kuogopwa. Katika mchanga mkavu halina cha kushika, na mtoto mmoja akining'inia mwamba wa juu linaangukia mbele. Tunaweka viroba vinne vilivyojazwa mchanga juu ya bomba la nyuma la kila goli, na kamba mbili za nyuma zinazoshuka kwenye gogo lililofukiwa sentimita 60. Mkikodi magoli bila mafundi wetu, fanyeni hivyo hivyo kabla ya mpira kuguswa.

Mpira wa kiwanja cha majani ukijazwa kama ulivyozoeleka unaumiza mguu mtupu. Upunguzwe upepo mpaka kidole gumba kikibonyeza kinaingia kidogo, na uwekwe kivulini kati ya mechi, kwani jua la saa 6 linaukaza tena.

Maji ya kunywa: lita 3 kwa kila mtu kwa siku nzima. Watu 40 ni lita 120, yaani madumu sita ya lita 20, na barafu juu yake. Soda haihesabiwi. Madafu yanahesabiwa nusu, na hiyo ni hisani.

Miguu. Kabla ya mechi watu kumi wajipange safu, hatua moja moja, wapite kiwanja chote wakiokota kombe, vipande vya matumbawe na chupa. Mstari wa chini usivuke mpaka wa majani ya bahari, maana hapo ndipo wanapokaa wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu (sea urchin). Mwiba wao ukivunjikia mguuni usichimbuliwe kwa sindano. Wavuvi hupaka utomvu wa papai bichi, nasi hubeba papai hilo kila tuendapo. Aliyechomwa na samaki aitwaye taa aloweke mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, nyuzi 40 hadi 45, kwa nusu saa au zaidi, wakati gari la kumpeleka hospitali linatafutwa.

Wenyeji

Ufuo una wenyewe. Sheha wa shehia apewe taarifa siku kadhaa kabla, na vijana wa kijiji ambao hucheza pale kila jioni waulizwe. Mara nyingi jibu ni kwamba wapewe nafasi ya kuingiza timu, na timu hiyo kwa kawaida ndiyo inayochukua kombe. Ijumaa michezo na spika visimame saa 6 hadi saa 8. Ramadhani hatupangi bonanza la mchana. Wanaotoka ufukweni kwenda dukani wajisitiri kwanza.

Ukituandikia kuagiza, tutajie mambo manne: tarehe mbili unazoweza kuchagua kati yake, idadi ya watu na wangapi ni watoto, kama mnataka ndondo au mpira wa kanuni, na kama kuna watakaoogelea. Tutakurudishia saa za maji kwa tarehe zote mbili, pwani moja tunayoipendekeza, na saa ambayo basi liwe limeondoka stendi ya Darajani mjini. Saa ya basi hutolewa kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kupwa, kwa hiyo mkichelewa dakika 40 stendi, hizo ni dakika 40 za fainali.