Mke wangu anasema ninaomba kama mtu anayesoma taarifa ya kazi

Mama Mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Ninakuandikia kabla hakujapambazuka kwa sababu usingizi umekataa kuja, na ninajua kwamba nikingoja mchana shughuli zitanikamata na neno hili litaendelea kunichoma bila mtu wa kumwambia. Jana baada ya ibada ya jioni, watoto wakiwa bado wamekaa, mke wangu aliniambia kwamba siku hizi ninaomba kama mtu anayesoma taarifa ya kazi. Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua namna ya kumjibu. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, kisha akainuka kukusanya Biblia na vitabu vya nyimbo.

Unawafahamu watu wa namna yangu, kwa hiyo sitaeleza mengi. Mimi ni mzee wa kanisa, nina kazi inayonitoa nyumbani alfajiri na kunirudisha giza likiwa limeingia, nina watoto wanaosoma na wazazi wanaonitegemea kwa matibabu. Nikirudi ninakuta kikao cha kamati ya ujenzi, somo la Biblia la kuandaa, mgonjwa wa kutembelewa, au ndoa ya watu wengine inayohitaji kusuluhishwa. Hakuna hata kimoja ninachokifanya kwa anasa. Mtu akisema nimepoa, basi anioneshe katika hayo ni lipi ambalo Mungu asingependa nilifanye. Na huyo anayesema taarifa ya kazi anajua vizuri kazi hiyo inamlisha nani.

Nisieleweke vibaya, simshtaki mke wangu. Yeye ana shughuli nyingi kuliko zangu, tena zisizo na mwisho wa siku, na bado ninamsikia akiomba taratibu huku mikono yake ikifanya kazi, kwa maneno mafupi na ya kawaida. Labda ndiyo maana neno lake limeniuma kuliko kama lingetoka kwa mchungaji. Lakini kwa nini mbele ya watoto?

Si kwamba nimekaa bila kujitahidi. Nilianza mpango wa kuimaliza Biblia kwa mwaka mmoja, sura zikalimbikizana, nikawa ninasoma ili kuzimaliza tu. Nilisikiliza Maandiko kwenye simu nikiwa njiani, na nikifika siwezi kusema nimesikia nini. Nilifunga huku nikiwa kazini, nikapata njaa na hasira, maombi yakabaki yale yale. Ninaposoma kwa utulivu ni wakati wa kuandaa somo, na hapo ninatafuta cha kuwaambia wengine. Wapo walionishauri niamke mapema, wakanitajia Marko 1:35, mahali Bwana alipotoka alfajiri kwenda kuomba. Mstari huo ninaujua, nimeufundisha. Lakini wasome pia Marko 6, ambapo mitume hawakupata nafasi hata ya kula, Bwana akawaita wapumzike mahali pasipo na watu, na walipofika walikuta umati umekwisha kuwatangulia. Ikiwa wao walikosa nafasi hiyo wakiwa naye bega kwa bega, mimi nitaipata wapi?

Ninakuomba pia usinijibu kwa habari ya Martha na Mariamu, yule aliyehangaika na shughuli na yule aliyesifiwa kwa kuketi miguuni pa Yesu. Luka 10 inasema wazi kwamba aliyemkaribisha Yesu nyumbani alikuwa Martha, na Yohana 11 inaonesha kwamba ndugu yao Lazaro alipokufa ni Martha huyo huyo aliyetoka kumlaki Yesu njiani na kukiri kwamba Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Mtu anaweza kuwa na shughuli nyingi na bado akamjua Bwana wake. Ningependa mke wangu alifikirie hilo.

Kinachonisumbua kweli ni ile barua kwa kanisa la Efeso katika Ufunuo 2. Wanasifiwa kwa matendo yao, kwa taabu na subira yao, tena wanaambiwa kwamba hawakuchoka, na baada ya sifa zote hizo wanaambiwa wameuacha upendo wao wa kwanza. Mimi hata hiyo sifa ya kutochoka sina. Kisha wanaamriwa wayafanye matendo ya kwanza, na hapo ndipo ninapokwama, kwa maana nilipookoka nilikuwa kijana nisiye na mke wala mtoto wala mzazi mgonjwa, na niliweza kukesha katika maombi bila mtu yeyote kunihitaji. Matendo ya kwanza ya kijana yule yatafanywaje na mtu huyu niliye sasa?

Mbele za watu maneno huja yenyewe kwa mpangilio wake: shukrani, toba, wagonjwa, wasafiri, viongozi, amina. Nikiwa peke yangu sina hata neno moja, na hali hii imekuwepo muda mrefu kabla mke wangu hajafungua kinywa chake. Hilo sijamwambia mtu. Je, mtu wa namna hii anastahili kuendelea kuwaongoza wengine? Sitaki uniambie niache huduma, kwa sababu nikiiacha sijui kitakachobaki. Lakini kuna saa ninatamani mtu mwenye mamlaka aniamuru niiache. Nabii Eliya alipokata tamaa malaika hakumkaripia. Alimpa chakula, akamwacha alale, akamwamsha tena ale, na neno la Bwana lilimjia baadaye kule mlima Horebu. Eliya, hata hivyo, aliweza kumwacha mtumishi wake Beer-sheba akaenda peke yake jangwani. Mimi nimwache nani?

Ninataka kumrudia Mungu, na ninataka mke wangu aliondoe neno lake, na sijui ni lipi kati ya hayo ninalitaka zaidi. Usiku huu nimejikuta nikitafuta maneno ya ibada ya leo ambayo yeye akiyasikia ataona tofauti, kisha nikajiuliza maombi hayo yangekuwa yanaelekezwa kwa nani. Nimwambie ukweli wote, au nitakuwa ninamthibitishia alichosema mbele ya watoto?

Jumapili hii ni zamu yangu kuongoza maombi ya kanisa zima, naye atakuwa ameketi palepale anapoketi siku zote. Nisimame niombe, au nimwombe mzee mwenzangu anishikie zamu? Tafadhali nijibu mapema, maana nikitaka kubadilisha zamu ni lazima niseme kabla ya Jumamosi.

Wako katika Kristo,
Msomaji wako