Michembe si matobolwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno juu ya kile kisanduku cha maana za vyakula vya dunia kinachotoka kwenye ukurasa wenu wa mapishi. Ninakifuatilia tangu herufi A. Mlipofika M mkaandika: "Michembe au matobolwa: viazi vitamu vilivyokaushwa." Hapo sisi wa Tabora hatuwezi kunyamaza, kwa kuwa hiyo "au" inampoteza mpishi.

Michembe ni viazi vibichi. Vikishachimbwa huachwa vinyauke, kisha vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa mpaka vikauke kau. Matobolwa huanzia jikoni: viazi vinachemshwa kwanza vikaiva, ndipo vinakatwa na kuanikwa. Kuchemsha huko ndiko kunakobadilisha kila kitu. Kiazi kitamu kikipata moto, sehemu ya wanga wake hugeuka sukari, ndiyo maana matobolwa ni matamu hata ukiyatafuna makavu, na mtoto anaweza kwenda nayo shuleni mfukoni. Michembe inataka chungu, maji na moto wa kutosha. Kwetu wengi huiponda na karanga ikishaiva, na wengine huisaga unga. Sasa mgeni asome maelezo yenu, anunue michembe sokoni akidhani ni ya kutafuna hivyo hivyo, si atakwenda kusema chakula cha Wanyamwezi hakiliki? Hilo ndilo linaloniuma.

Japani kuna hoshi-imo, na mkoa wa Ibaraki ndio unaoongoza kwa kuitengeneza. Ni viazi vitamu vilivyopikwa kwa mvuke, vikakatwa, vikaanikwa. Huyo ni ndugu kabisa wa matobolwa, na michembe haimo katika ukoo huo. Mngeandika hivyo tu, msomaji angeelewa vyakula viwili kwa pamoja.

Bulguri nayo mliieleza kuwa ngano iliyovunjwavunjwa. Haitoshi. Ni ngano iliyochemshwa, ikakaushwa, ndipo ikavunjwa, na kwa sababu imekwisha kupita motoni, ile laini huhitaji kulowekwa tu ikawa tayari kuliwa. Ngano iliyovunjwa ikiwa mbichi huwezi kuifanyia hivyo. Angalieni pia milima ya Andes, kule Peru na Bolivia: viazi mviringo huachwa nje vigandishwe na baridi ya usiku, vikakanyagwa kwa miguu ili maji yatoke, vikaanikwa. Hiyo ni chuño nyeusi. Vikilowekwa majini muda mrefu kabla ya kuanikwa huwa vyeupe, na huitwa tunta. Wote wanaanza na kiazi kimoja, lakini aliyeloweka na ambaye hakuloweka hawakupika kitu kimoja.

Ulaya wamefika mbali zaidi. Tangu 2002 jina la feta linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya: jibini hiyo lazima itoke Ugiriki, itengenezwe kwa maziwa ya kondoo, na yakichanganywa na ya mbuzi, ya mbuzi yasizidi asilimia 30.

Ninachoomba ni kidogo kuliko sheria. Kila chakula mnachokieleza, tuambieni kimetokana na nini, kimefanywa nini kwa mpangilio gani, na kinaliwaje. Kwa vyakula vya huku, mtumeni mwandishi wenu Nzega au Igunga wakati wa kiangazi akaongee na akina mama wanaoanika. Watamweleza bila kinyongo, tena watamwonjesha.

Na mkifika herufi W, tafadhali wanzuki msiiite "pombe ya kienyeji" mkaishia hapo. Ni pombe ya asali, na mkoa huu umejulikana kwa asali ya miombo miaka mingi. Andikeni asali.

Mama lishe,
Ipuli, Tabora