Mmisionari anakula hata mwezi wa tatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji wa Lindi aliyeandika kwamba kazi ya misheni nje ya nchi tuwaachie wazungu, maana sisi huku kusini hata mabati ya kanisa yanatushinda. Nimemwelewa ila sikubaliani naye, na sababu yangu wala sio ya kiroho sana, ni ya daftari.

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya uinjilisti kanisani kwetu hapa Masasi, mwaka wa sita sasa. Kanisa silitaji maana bado naabudu hapohapo na sitaki kuitwa kikao. Mwaka 2022 tulimtuma mwinjilisti wetu avuke Ruvuma kwenda Msumbiji, na siku ya kumuaga ilikuwa shughuli kweli, kwaya tatu, pilau, watu wakalia, akapewa pikipiki ya mtumba na Biblia ya Kireno ambayo yeye mwenyewe hawezi kuisoma. Hapohapo ikapitishwa karatasi ya ahadi, watu 41 wakaandika majina, jumla 230,000 kwa mwezi. Ilikuwa Novemba.

Sasa nyie mnaoishi huku mnajua Novemba ni nini. Mnada wa korosho umeshapita mara mbili tatu, hela ya AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, imeingia, mtu akiambiwa atoe anatoa mpaka anashangaa mwenyewe. Nikilifungua lile daftari leo, safu ya Novemba imejaa tiki za waliolipa mpaka zinagongana, Desemba vilevile, Januari ada za shule zinaanza kuonekana, Februari tiki kumi na moja, Machi tiki tatu na moja wapo ni yangu. Juni watu wanatafuta hela ya kupulizia mikorosho, hapo hata ukimgusia mtu habari ya misheni anakuangalia kama umemtukana.

Na mwinjilisti wetu kule hali chakula kwa msimu. Alikuwa anatoka kule ndani anakuja mpaka Mtambaswala, anavuka Daraja la Umoja, anatafuta wakala upande wetu atoe hela tuliyomtumia, halafu anabadilisha kuwa metikali, hela ya Msumbiji, arudi nayo. Mwezi mmoja nilimtumia 35,000, akanipigia akaniambia baba, nimetumia 18,000 kuja kuifuata. Hakulalamika, alisema hivyo tu halafu akauliza wajukuu zangu hawajambo. Siku ile sikula. Mwezi wa nane akauza pikipiki, na kikao kikamjadili kwa nini ameuza mali ya kanisa!

Kwa hiyo ndugu yangu wa Lindi anaposema hatuna hela mimi nasema tunazo, ila tunazo miezi mitatu, na tunazitoa kama za harusi. Hata tulipoenda kumtembelea tulikodi kosta, watu 28, sare za kitenge, tukaishia darajani maana wengi hawakuwa na hati za kuvukia. Hesabu ya safari ile ninayo, ni zaidi ya miezi minne ya posho yake. Tukapiga picha darajani tukarudi.

Tunawasema sana wageni wanaokuja wiki mbili kupaka rangi darasa, kwamba nauli ya mmoja wao ingemlipa fundi wa hapahapa apake shule nzima, na ni kweli, lakini sisi na kosta yetu tuna tofauti gani nao?

Halafu hili la kuwaachia wazungu. Hivi tunakumbuka hapa Masasi tuliipataje dini? Askofu Steere wa UMCA, ile misheni ya Waanglikana wa Uingereza, alitoka Unguja mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi wakapanda kwa miguu hadi hapa, na walioanzisha kijiji cha Kikristo ni hao waliokombolewa, watu weusi kama mimi. Wale wazungu wa UMCA walifanya kazi bila mshahara, walikuwa na posho tu, na ile posho haikuwa inakatika kwa sababu kule Uingereza shamba halijazaa. Kuna watu kule walikuwa na visanduku vya sadaka ya misheni majumbani, senti kwa senti, na wengi wala hawakuwa matajiri. Wabenediktini, wale watawa wa Kikatoliki, nao walichomewa Lukuledi na Nyangao kwenye Maji Maji mwaka 1905, mwaka uliofuata wakaanza Ndanda, na pamoja na msaada wa Ujerumani waliweka karakana, kiwanda cha uchapaji, mashamba, misheni ikawa na mikono yake yenyewe. Mimi sio Mkatoliki ila fenicha za kule nazijua, meza ya marehemu baba ilitoka Ndanda na haijayumba mpaka leo.

Wapo kwenye kamati wanaosema basi mwinjilisti ajitegemee, afanye biashara, mbona Paulo alishona mahema. Sawa, na hata wamisionari wa kwanza wa Kimoraviani waliotoka Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732 walikuwa mfinyanzi na seremala. Ila huyu wetu fundi wa nini? Ni mkulima wa korosho, na korosho haibebwi mgongoni. Yuko nchi ya watu, kibali cha kufanya biashara hana, Kireno hajui, anaelewana na watu kwa Kimakonde tu, na mkoa wenyewe wa Cabo Delgado tangu Oktoba 2017 wapiganaji walipoanza mashambulizi mnajua mambo yake, mgeni akionekana anauzauza vitu anaulizwa maswali. Na huyohuyo Paulo wa mahema aliwaandikia Wafilipi kuwashukuru kwa sababu walimtumia msaada akiwa Thesalonike, tena zaidi ya mara moja. Hiyo huwa hatuisomi siku ya kikao.

Mwaka 1971 mchungaji mmoja wa Kenya, John Gatu, alisema hadharani wamisionari wa nje warudi kwao na hela zao zisimame kwa muda ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama, na mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika kule Lusaka ukalibeba hilo. Watu walichukia sana. Mimi nikiangalia daftari langu naona mzee yule alikuwa anatuzungumzia sisi kabisa, maana hata leo swali la kwanza kikaoni ni wageni wanakuja lini.

Nilichopendekeza mwaka jana ni hiki, na bado nakisema: hakuna kumuaga mtu mpaka posho ya miezi 12 iko benki kamili. Tukusanye msimu wa korosho, anayetaka aitenge mikorosho yake miwili iwe ya misheni, gunia lipimwe lijulikane, hela ikae akaunti ya peke yake, kila tarehe 1 itoke kiasi kilekile iwe Novemba iwe Machi. Na msimu ukiharibika, kama 2018 soko lilipovurugika mpaka serikali ikaingia kununua yenyewe kwa 3,300 kilo, basi mwaka huo hatutumi mtu mpya, tunamlisha aliyeko. Mzee mmoja akaniambia huko ni kukosa imani. Nikamuuliza yeye tiki yake ya mwisho ni ya mwezi gani, kikao kikafungwa kwa sala.

Mwinjilisti alirudi Januari, amekonda. Kule ameacha kikundi cha watu wanaosali chini ya mwembe na anataka kurudi kwa watu hao. Karatasi ya ahadi imeshaanza kupitishwa tena, mimi nimekataa kuipokea mpaka nione namba ya akaunti.

Mweka hazina,
Masasi
(jina langu unalo, usilichape)