Msiiuze Land Rover ya baba kwa kilo

Mama shikamoo, baba shikamoo, na nyie wengine wote hapo Nkuhungu mbukwenyi. Huku Birmingham tunaendelea vizuri, watoto wazima, kazi ndo hivyo zamu za usiku, na baridi imeshaanza kuuma. Picha za zabibu nimeziona, mwaka huu zimebeba kweli, Mungu awajalie bei.

Sasa niingie kwenye lile jambo. Kaka, ujumbe wako nimeusoma wote na sauti ulizotuma nimezisikiliza mpaka mwisho, nimekuelewa vizuri tu. Uwanja ni mdogo, viwanja Dodoma havishikiki tena tangu serikali ihamie, na pale chini ya mwarobaini ilipo Land Rover zingekaa frem za duka za kupangisha. Frem mi sizikatai. Ninachokataa ni huyo jamaa wa skrepa kuja Jumamosi na fuso na mzani wake, akate gari kwa gesi, apakie, aondoke. Naomba umpigie leo hii, mwambie familia bado inaongea.

Na sianzi na huruma, naanza na hesabu. Si kawapa bei ya chuma? Haya, chukueni sumaku, hata ile ya kutoa kwenye spika mbovu, muibandike kwenye mlango, kwenye madigadi, kwenye bodi ya nyuma. Haitashika. Bodi za hizi Land Rover ni aluminiamu, walianza hivyo tangu ile ya kwanza mwaka 1948 kwa sababu Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinapatikana kwa mgao, aluminiamu ndo ilikuwa inapatikana, basi wakaendelea nayo miaka yote. Na aluminiamu kwa kilo ni ghali kuliko chuma, hakuna mnunuzi wa skrepa asiyejua hilo. Yaani hata kama mngekuwa mmeamua kuikata, kwa bei hiyo mnapunjwa.

Ila hoja yangu kubwa ni chasisi, ule uti wa chini unaobeba gari zima. Kwenye hizi gari bodi haiozi hovyo, kinachooza ni chasisi, hiyo ni chuma. Huku wakati wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu isigande, ile chumvi inaingia kwa chini inakaa, gari inaliwa taratibu huku kwa juu inang'aa. Kuna mzee jirani yetu ana Land Rover 109, ile ndefu, kama ya kwetu, anaitengeneza mwenyewe kila wikiendi, na Solihull ambako zilikuwa zinaundwa ni hapa hapa karibu. Chasisi yake ilikuwa imeoza mpaka anatoboa kwa bisibisi, ikabidi anunue nyingine mpya iliyochovywa zinki isishike kutu, maana bado kuna watu wanazitengeneza. Nilipomwambia ya kwetu imekaa maisha yake yote Dodoma, kwenye ukame, haijawahi kuona chumvi wala upepo wa bahari, alinisisitiza sana tusifanye uamuzi wowote kabla ya kuigonga chasisi kwa nyundo tusikie kama ni nzima. Naona yuko sahihi kabisa.

Kwaiyo kaka fanya hivi. Mchukue yule fundi wa Majengo aliyekuwa anaihudumia, mlale chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi, mgonge chasisi kuanzia mbele mpaka nyuma, taratibu. Chuma kizima kinalia kwa ukali, kilichooza sauti yake inakufa, na hapo ndo mchokonoe kwa bisibisi. Angalieni zaidi ule mkingamo wa nyuma kabisa pale pa kufungia kamba ya kuvutia, pale springi zinaposhikia, na ile mikono inayotoka pembeni kubeba bodi. Alafu fungueni milango ya mbele muinue makapeti, pale dereva anapoweka miguu ni chuma pia, na kama kuku wamekuwa wanalala humo mavi yao yatakuwa yamekula. Hapo napaogopa kuliko kote.

Injini msiishtue kwanza jamani, msilete betri na waya mkaanza kuizungusha. Imekaa miaka, silinda zimekauka. Fundi atoe plagi zote nne, amwagie oili kidogo kila tundu, aache siku mbili tatu, ndo azungushe kwa mkono na ile hendeli ya mbele, polepole. Petroli iliyomo imwagwe yote. Mipira ya rejeta na ya breki jua la Dodoma litakuwa limeimaliza, hiyo hata msiihangaikie, mipira ya breki na gasketi huku zinapatikana kwa urahisi na ni nyepesi, ntazibeba kwenye begi nikija. Tairi ntatuma hela mnunue hapo hapo.

Mdogo wangu, wazo lako la kuweka injini ya Toyota nimelisikia na najua umelitoa kwa nia nzuri, na kweli wengi wamefanya hivyo na gari zinatembea. Ila kwenye kadi ya gari kuna namba ya injini, ukibadilisha ni kwenda kuanza kuhangaika na TRA, wale wa mapato, na ile ya kwetu haijafa, ilisimama kwa sababu ya breki. Ile petroli ya lita mbili na robo ni injini rahisi, fundi yeyote wa zamani anaijua hata usiku. Tuipe nafasi kwanza. Na kuhusu deni la rodi laisensi linalowatisha, ile ada ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017, wakaihamishia kwenye mafuta, kwaiyo haliendelei kupanda kama mnavyodhani.

Mafuta ndiyo, inakula. Lita moja kilomita tano, ikijitahidi sita. Sisemi iwe gari ya kwenda mjini kila siku. Nasema iwe ya shamba, ibebe samadi kwenda Hombolo na kreti za zabibu kurudi, mavuno yenyewe mara mbili kwa mwaka na kila mara mnakodi kirikuu. Kwaiyo rangi msipige. Tafadhali sana. Nawajua, mtaanza na rangi na viti vipya na redio, hela itaishia hapo na gari haitembei. Chasisi, breki, injini, waya za umeme, basi. Hata ikibaki na rangi yake ile iliyopauka mi naitaka hivyo hivyo.

Na kuna kitu kimoja, mama samahani, kwenye meseji zote hizo sijaona mahali mmeandika baba kasema nini. Ni gari yake. Aliinunua kwenye mnada wa serikali kwa hela ya karanga, na kadi ina jina lake. Mnakumbuka masika yale tunampeleka bibi hospitali ya Mvumi, korongo limejaa, bibi kalala nyuma kwenye godoro? Baba alisimamisha, akakunja suruali, akaingia na fimbo anapima maji mpaka katikati, akarudi, akavuta ule mkono wa gia nzito wenye kirungu chekundu kwa mikono yake miwili, alafu tukaingia kwa mwendo wa kutembea, maji yanaingia chini ya mlango, hakuna aliyeongea mpaka tukatoka upande wa pili. Siwezi kukubali mtu aliyetuvusha vile aje aamke Jumamosi asikie gesi inakata chini ya mwarobaini bila kuulizwa. Akisema iuzwe, mi nanyamaza. Ila aulizwe, na aulizwe akiwa amekaa pale barazani, sio kwa kupitishiwa maneno.

Na chasisi ikikutwa imeoza kabisa sitawalazimisha, hela ya kununua mpya na kuisafirisha sina. Ila hata hapo sio kwa kilo. Gia boksi, difu, milango, springi, vinauzwa kimoja kimoja, Arusha kuna mafundi wa Land Rover wanatafuta vitu hivi, tutapata zaidi na kuna gari nyingine zitaendelea kutembea kwa hivyo vifaa.

Frem kaka zinaweza kukaa upande wa choo cha zamani, gari tukaisogeza ukutani, watu sita wanaisukuma ile wakijaza tairi upepo. Gharama ya kubomoa choo nichangie mimi.

Hela ya fundi kwa ajili ya ukaguzi natuma kesho kwa dada. Picha za chasisi mpige asubuhi kabla jua halijawa kali, mtu mmoja ashike tochi kwa ndani, na pale penye tundu mweke kidole nione ukubwa wake. Baba ntampigia Jumapili jioni nikitoka zamu, asizime simu.