Kabla hujanunua mbolea, tuambie kwanza unalimia udongo gani

Meseji tunazopata karibu zote zinafanana, majani yamekuwa ya njano, mmea umedumaa, nimeweka mbolea mara ya pili sasa lakini wapi, nipeni ingine kali zaidi. Sisi mbolea tunauza, kwa hiyo rahisi kabisa ingekuwa kukuuzia tu yaishe, ila tunajua utarudi na lawama, maana kwa bustani za mjini mara nyingi tatizo sio mbolea, ni udongo wenyewe, na huo udongo hata jirani yako wa ukuta kwa ukuta anaweza kuwa na tofauti na wako.

Fikiria nyumba inavyojengwa. Udongo wa juu ndo wenye rutuba, na huo ndo wa kwanza kukwanguliwa, alafu ule wa chini uliotoka kwenye msingi unatandazwa juu, malori yanaukanyaga miezi na miezi, mabaki ya saruji na chokaa na vipande vya matofali vinafukiwa hapohapo, na mwisho mtu anamwaga lori moja la udongo mweusi juu yake na kila kitu kinapendeza. Kwa muda. Mizizi ikishuka kidogo tu inakuta pagumu, maji hayapiti, na mmea unaanza kulalamika wakati wewe unahangaika na mfuko wa mbolea.

Kuna njia ya bure ya kujua hili. Chukua nondo nyembamba, chomeka ardhini siku moja baada ya mvua au baada ya kumwagilia vizuri, na ufanye hivyo sehemu tofauti tofauti za kiwanja. Ikigoma kwenye sentimita 10 au 15 umeshapata jibu. Alafu chimba shimo la kina cha sentimita 30, jaza maji, yakiisha jaza tena, hii mara ya pili ndo unapima. Maji yakishuka sentimita 2.5 mpaka 5 kwa saa uko vizuri, yakishuka chini ya hapo mizizi itakosa hewa na kuoza, yakikimbia sana basi utakuwa mtu wa kumwagilia kila siku na mbolea yako itazama nayo.

Na tafadhali, ukikuta ni udongo wa mfinyanzi usikimbilie kuleta mchanga. Tunaona watu wanafanya hivi kila mara, ati kulainisha, ila mchanga kidogo ukichanganyika na mfinyanzi unapata kitu kigumu kuliko ulichoanza nacho. Weka mboji, kama sentimita 5 juu ya tuta kila msimu, legeza udongo kwa jembe uma bila kuupindua pindua, funika na matandazo, na uache kukanyaga sehemu unayopanda. Inachukua muda lakini inafanya kazi kwa udongo wa mfinyanzi na kwa ule wa kichanga pia.

Sasa turudi kwenye yale majani ya njano maana hapa ndo pesa nyingi zinapotea. Angalia ni majani gani. Kama ni ya zamani, yale ya chini, yanaanza kuwa njano jani zima basi kweli huenda ni njaa ya nitrojeni na mbolea au samadi iliyoiva itasaidia. Ila kama ni machanga ya juu, njano lakini mishipa imebaki kijani, hiyo mara nyingi ni chuma, na sio kwamba chuma hakipo, kipo kibao, ila saruji na chokaa za kwenye kifusi zimepandisha pH (kipimo cha uchachu wa udongo, namba ikiwa juu uchachu ni mdogo) na mmea haukifikii. Mboga nyingi zinapenda pH ya 6 mpaka 7, ukishapita 7.5 vitu vinaanza kufungwa hivyo. Ukitaka kuhakikisha haraka, mimina siki kwenye kijiko cha udongo mkavu, ikitoa povu basi kuna chokaa humo. Siki haikupi namba, inakupa tu dalili, lakini mtu ambaye udongo wake umetoa povu akija dukani kuulizia chokaa ya kilimo, ambayo itapandisha pH zaidi, tunamzuia mlangoni.

Kuna jambo moja ambalo siki wala nondo haviwezi kukuonyesha, nalo ni risasi, yaani yale madini. Rangi za zamani za kuta zilikuwa nayo, na petroli ya magari pia ilikuwa nayo kwa miongo mingi, nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo yenye risasi kwa magari ilikuwa Algeria mwaka 2021. Risasi haiozi, inakaa tu kwenye udongo wa juu miaka na miaka, na iko zaidi kando ya barabara kubwa na chini ya kuta za nyumba kongwe. Wanaoumia zaidi ni watoto, wanacheza kwenye vumbi alafu mkono unaenda mdomoni. Kama kiwanja chako kiko sehemu kama hizo, mboga za majani na za mizizi zisubiri kwanza upime, au panda kwenye vitalu vya kuinuliwa vyenye udongo safi wa sentimita 30 na kitambaa cha bustani chini yake.

Ukitaka tukupelekee sampuli maabara, chota udongo sehemu kama 10 za bustani, kina cha sentimita 15 hivi, changanya kwenye ndoo ya plastiki (sio ya bati, zinki yake inaharibu majibu), anika kivulini na utuletee nusu kilo. Sehemu inayosumbua weka mfuko wake peke yake. Na useme mapema kama unataka risasi nayo ipimwe, maana kipimo cha kawaida cha rutuba mara nyingi hakiigusi kabisa.